Mto Mdogo wa Lyn na Mafuriko Yake

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwanachama wetu mmoja, mpimaji mito mstaafu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia, aliniomba nizungumze kwa muda wa nusu saa juu ya jambo lolote ninalolijua vizuri. Mke wangu alipoisoma barua ile alicheka, akasema kwamba kuchagua hakutakuwa kazi, maana ninalolijua vizuri ni jambo moja tu, nalo ni maji. Amesema kweli. Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1971, na tangu hapo hadi nilipostaafu kazi yangu ilikuwa kupima mito: kina chake, upana wake na mwendo wake, na kuandika tarakimu katika daftari.

Leo sitazungumzia Rufiji wala Pangani, ambayo mmeisoma darasani. Nitawapeleka mbali, hadi Uingereza, kwenye mto mdogo ambao wengi wenu hamjapata kuusikia. Kaka zetu waliotutangulia hapa, wale wa wakati wa ukoloni, walikaririshwa mito ya Uingereza kama wimbo: Thames, Severn, Trent. Huu hata wao hawakufundishwa, kwa kuwa ni mdogo mno. Unaitwa Lyn. Ninayo sababu ya kuuchagua, nayo nitaieleza mwishoni. Naomba mnivumilie.

CHANZO NA SAFARI YAKE

Kusini-magharibi ya Uingereza, mpakani mwa majimbo ya Devon na Somerset, ipo nchi ya miinuko iitwayo Exmoor. Si milima ya kutisha. Kilele chake kirefu kabisa, Dunkery Beacon, kina meta 519 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Usambara au Uluguru hicho ni kilima cha kulishia mbuzi. Huko juu hakuna msitu. Kuna nyasi, vichaka vifupi, kondoo, na ukungu mwingi.

Sehemu moja ya uwanda huo huitwa The Chains. Udongo wake wa juu ni mboji nyeusi inayonyonya maji kama sifongo, na chini ya mboji hiyo kuna tabaka gumu lisilopitisha maji upesi. Ukitembea hapo viatu huzama, hata siku ya jua. Kutoka The Chains vijito hushuka kila upande. Vingine huenda kusini na kuwa mto Exe, ambao husafiri mwendo mrefu mpaka pwani ya kusini. Vingine huelekea kaskazini, ambako bahari iko karibu sana, na hivyo ndivyo vinavyouzaa mto wetu.

Kwa kweli mito yenyewe ni miwili. Upo Lyn wa Mashariki, unaokusanya vijito kadha wa kadha, kama vile Badgworthy Water, Farley Water na Hoar Oak Water. Mahali ambapo Hoar Oak Water huungana nao huitwa Watersmeet, yaani Makutano ya Maji. Pana nyumba ya zamani pale, iliyojengwa mwaka 1832, na wasafiri huuziwa chai chini ya miti. Halafu upo Lyn wa Magharibi, ulio mfupi zaidi na mkali zaidi. Huo hupita katika kijiji cha Barbrook, huingia katika korongo lenye mawe na maporomoko, kisha hukutana na mwenzake ndani ya mji mdogo wa Lynmouth, hatua chache tu kabla ya bahari.

Sasa, wanafunzi wa jiografia, chukueni kalamu. Kutoka The Chains hadi bahari ya Lynmouth, kwa mstari ulionyoka, ni kiasi cha kilometa 7. Katika kilometa hizo maji hushuka zaidi ya meta 450. Linganisheni na Pangani, unaosafiri kiasi cha kilometa 500 kabla ya kuiona bahari. Maji ya Rufiji yakijaa huko bara, watu wa chini huwa na siku kadhaa za kuhamisha kuku na magodoro. Katika mto kama Lyn hakuna siku. Kuna saa, tena chache.

MJI ULIOKAA JUU YA MAWE

Lynmouth ulianza kama kijiji cha wavuvi. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 wageni wakaanza kufika kutazama magenge na mabonde yake, wakapaita Uswisi Ndogo. Mshairi Shelley alikaa huko mwaka 1812. Hoteli zikajengwa. Juu ya genge upo mji mwingine, Lynton, na kwa kuwa mlima ule ni mkali mno, mwaka 1890 ilifunguliwa reli ya kupandisha watu kutoka chini hadi juu. Reli hiyo haina injini. Mabehewa mawili yamefungwa pamoja kwa waya. Behewa la juu hujazwa maji katika tangi lake, likawa zito, likashuka, na katika kushuka likalivuta la chini lipande. Maji hayo hutoka Lyn wa Magharibi. Reli ile inafanya kazi mpaka leo.

Katika mwaka huo huo wa 1890 mji ulianza kupata umeme kwa nguvu ya maji ya mto, wakati ambapo miji mingi mikubwa duniani ilikuwa bado inawasha taa za mafuta na gesi. Kwa hiyo nawaomba msiwafikirie watu wa Lynmouth kuwa walikuwa wajinga wa mto. Walikunywa maji yake, wakavua samaki wake, wakapanda mlima kwa nguvu zake na kusoma magazeti kwa mwanga wake. Waliuzoea. Na pengine hapo ndipo tatizo lilipoanza.

Mahali pale ni pembamba. Mbele bahari, nyuma mlima, na katikati kipande kidogo cha ardhi tambarare. Wageni walipoongezeka, kila hatua ya ardhi ile ikawa na bei. Lyn wa Magharibi ulikuwa umejiachia nafasi kubwa karibu na mlango wake, nao watu wakaona kwamba mto mdogo kama ule hauhitaji nafasi yote hiyo. Basi wakaupinda. Wakaujengea mfereji mwembamba kando, na juu ya njia yake ya zamani wakajenga nyumba na maduka. Miaka ikapita. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaamini kwamba mto tangu asili ulipita pale kwenye mfereji.

Nilifika Lynmouth mwaka 1984, nikiwa katika mafunzo ya upimaji wa mito pamoja na wenzangu kutoka nchi mbalimbali. Mwalimu aliyetuongoza alikuwa mtu wa maneno machache. Alitusimamisha karibu na daraja, akatukataza kusoma vibao vya wageni, akauliza swali moja tu: mji huu umesimama juu ya kitu gani?

Tukatazama. Mwenzetu mmoja akasema mchanga. Mwingine akasema mwamba. Mwalimu akatuambia tuiname. Chini ya kuta na kandokando ya ufuko palikuwa na mawe ya mviringo, mengine kama boga, mengine makubwa kuliko meza hii iliyo mbele yangu. Yalikuwa yamefanyizwa mviringo kwa kusuguana. Bahari ya pale haikuyaleta. Yaliletwa na mto kutoka juu, katika mafuriko ya miaka mingi sana, moja baada ya jingine. Mto ulipoyafikisha pale mahali pa tambarare ulikosa nguvu, ukayaacha. Kipande kile chote cha ardhi, chenye hoteli na bustani za maua, kilikuwa mzigo uliotuliwa na mto.

Kwa ufupi, ndugu zangu, mto ulikuwa umekwisha andika barua. Uliandika kwa mawe kwamba mimi hupita hapa, na nikija huja na vitu vya ukubwa huu. Waliojenga walikanyaga barua ile kila siku bila kuisoma. Na si mawe peke yake, kwani kumbukumbu za zamani zinataja mafuriko pale pale katika karne ya 17 na ya 18. Lakini nani husoma kumbukumbu za karne iliyopita wakati mteja amesimama mlangoni na fedha mkononi?

USIKU WA TAREHE 15 AGOSTI 1952

Agosti ni mwezi wa likizo Uingereza. Mwaka 1952 hoteli za Lynmouth zilikuwa na wageni wengi, familia na watoto wao. Hali ya hewa haikuwa nzuri. Nusu ya kwanza ya mwezi ilikuwa ya mvua, na ile mboji ya The Chains ilikuwa imeshiba kabisa. Ukichukua sifongo iliyojaa maji na kuimwagia maji mengine, haitapokea tone; yote yatateremka pembeni. Ndivyo Exmoor ilivyokuwa asubuhi ya Ijumaa tarehe 15.

Siku hiyo mvua ilinyesha, ikapumzika kidogo, kisha kuelekea jioni ikafunguka. Kipima-mvua kilichokuwa Longstone Barrow, huko huko The Chains, kilikusanya milimita 229 kwa muda wa saa 24. Kwa kulinganisha, hiyo inakaribia mvua ya mwezi mzima wa Aprili mjini Dar es Salaam, katika kilele cha masika.

Tufanye hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua juu ya kilometa moja ya mraba ni tani 1,000 za maji. Eneo lote linalomimina maji yake katika mito ya Lyn ni kiasi cha kilometa 100 za mraba. Tuchukulie kwamba kwa wastani eneo hilo lilipata milimita 150 tu, si zile 229. Jibu ni tani milioni 15. Kwa malori ya tani 7, hayo ni malori zaidi ya milioni 2, yote yakitaka kupita katika korongo moja, usiku mmoja.

Giza lilipoingia mito yote miwili ilikuwa ikinguruma. Kituo cha umeme, kile kile kilichoendeshwa na mto, kilizidiwa na maji, taa za mji zikazimika. Kuanzia hapo watu walihesabu nyumba kwa masikio.

Naomba mfahamu jambo moja ambalo hata wataalamu hulisahau. Maji peke yake hayakufanya uharibifu wote ule. Kingo zilipomomonyoka, miti iling'oka mizima mizima na kusombwa pamoja na majabali. Vitu hivyo vilipofika kwenye daraja vilikwama. Daraja likawa bwawa. Maji yakapanda nyuma yake, yakapanda, mpaka daraja likashindwa. Likavunjika kwa ghafula, na maji yote yaliyokuwa yamezuiliwa yakaondoka kwa pamoja kama ukuta, pamoja na magogo na mawe, kwenda kulivunja daraja linalofuata. Katika mito ile miwili yalikuwako madaraja 31. Asubuhi 28 yalikuwa yamevunjwa au kuharibiwa vibaya.

Na ule Lyn wa Magharibi uliofundishwa kupita katika mfereji mwembamba? Mfereji ulijaa mawe kwa muda mfupi. Hapo mto haukubabaika kutafuta njia mpya. Uliirudia njia yake ya zamani, moja kwa moja, ukapita katikati ya nyumba na maduka yaliyosimama juu yake. Waswahili walikwisha sema: maji hufuata mkondo. Hawakusema kwamba maji hufuata mfereji.

Katika hoteli ya Lyndale, iliyokuwa karibu na makutano, wageni walikimbilia vyumba vya juu, huku mawe yakirundikana ukutani hadi kufikia usawa wa ghorofa. Huko Barbrook nyumba zilichukuliwa pamoja na watu waliokuwamo. Kando ya Lyn wa Mashariki palikuwa na safu ya nyumba iliyoitwa Middleham, ilifutika. Mnara wa zamani uliokuwa bandarini ulianguka. Magari yalisukumwa mpaka baharini.

Kulipokucha, mvua ilikuwa imekwisha, na mto umeanza kupungua. Watu 34 walikufa katika mafuriko yale. Zaidi ya 400 walibaki bila makazi. Majengo zaidi ya 100 yalibomolewa au kuharibiwa vibaya. Waliokufa ni wenyeji na wageni, watu wazima na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekuja kupumzika kwa siku chache kando ya mto mzuri.

NANI ALAUMIWE?

Baada ya msiba kama huo watu hutafuta mkosaji. Miaka mingi baadaye yalizuka maneno kwamba ndege za serikali zilikuwa zikifanya majaribio ya kutengeneza mvua. Hakuna ushahidi kwamba majaribio hayo yalileta mvua ya siku ile. Wingu la mvua lilitanda juu ya eneo kubwa la kusini-magharibi, kubwa mno kwa mkono wa mwanadamu.

Mimi nimejifunza kwamba kwa kawaida mafuriko yana baba wawili. Wa kwanza ni mvua, na huyo hatuwezi kumwita barazani akajieleza. Wa pili ni mahali tulipojenga, na huyo tunamjua kwa jina na kwa sura. Mvua ile ile ya tarehe 15 Agosti ilianguka pia juu ya mashamba na mabonde yasiyo na nyumba. Huko iling'oa miti na kufanya makorongo mapya.

Waliojenga upya Lynmouth waliufahamu ukweli huo. Mkondo wa mto ulipanuliwa. Mlango wa Lyn wa Magharibi ulinyooshwa, ukapewa njia pana. Madaraja mapya yalijengwa yenye nafasi kubwa chini yake, ili mti mzima uweze kupita. Mnara wa bandarini ulisimamishwa tena mwaka 1954, maana mnara hauna mtoto ndani. Lakini Middleham haikujengwa tena. Pale sasa ni bustani ya ukumbusho. Nilikaa juu ya benchi katika sehemu ile mwaka 1984, mto ukipita mbele yangu. Siku ile watoto walikuwa wakiuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe, na maji hayakuwafika magotini. Nikawaza kwamba laiti ningekuwa mwenye hoteli wa zamani, nimeuona mto ule hivyo kila siku kwa miaka 40, hata mimi ningejenga. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nitaongeza habari moja fupi. Tarehe 16 Agosti 2004, miaka 52 baadaye karibu siku ile ile, mvua kubwa ilinyesha katika pwani hiyo hiyo, mbele zaidi upande wa Cornwall, juu ya kijiji cha Boscastle. Huko nako mto ni mdogo na mfupi, unaitwa Valency, na bonde lake ni kali. Katika mchana mmoja magari zaidi ya 100 yalisombwa, na nyumba zikavunjwa. Watu kiasi cha 100 waliokolewa na helikopta kutoka juu ya paa na miti. Hakufa hata mtu mmoja. Tofauti ilikuwa nini? Ilikuwa mchana, watu waliona maji yanakuja, na helikopta zilikuwapo. Lakini ningekuwa mzazi nisingependa maisha ya mwanangu yategemee saa ambayo mvua itachagua kunyesha. Na wataalamu wa siku hizi wanatuambia kwamba hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Maana yake ni kwamba wingu la kesho laweza kuwa na mzigo mkubwa kuliko la jana.

SABABU YANGU

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kueleza kwa nini nimewachukua safari yote hii.

Wanachama wenzangu wa miaka ya 1968 hadi 1971 wanakumbuka kwamba uwanja wetu wa mpira ulikuwa mfupi upande wa goli la chini, kwa sababu kijito kilikata kona. Mwaka 1969, wakati wa kazi za Elimu ya Kujitegemea, tulipewa majembe na sururu. Tulichimba mtaro kwa majuma matatu, bweni kwa bweni, tukikihamisha kijito kile mpaka kando ya michongoma. Tukafukia njia yake ya zamani, tukapanda nyasi. Siku tulipomaliza tulipewa wali na nyama, na Jumamosi iliyofuata tukawafunga jirani zetu mabao matatu kwa moja juu ya uwanja mpya. Mimi nilikuwa mmoja wa wachimbaji. Sijutii. Uwanja wa mpira ukiingia maji, mchezo huahirishwa, basi.

Lakini nimeisoma michoro ya bweni jipya ambalo Chama chetu kinakusanya fedha ili kulijenga. Ni bweni zuri, la vijana 80, na wenzetu waliojitolea wanastahili sifa. Katika michoro hiyo bweni limewekwa nyuma ya goli la chini. Nimefahamu kwa nini: ardhi ni tambarare, msingi utakuwa rahisi, bomba la maji liko karibu. Hizo ni sababu nzuri. Ndizo zile zile za Lynmouth.

Jana jioni nilikwenda pale peke yangu. Nilifukua kidogo kwa fimbo yangu. Chini ya nyasi tulizozipanda sisi kuna mawe ya mviringo. Na wale waliokuwa hapa wakati wa mvua za El Nino, mwaka 1997 hadi 1998, wameniambia kwamba maji yalilala nyuma ya goli lile, wala hayakulala kando ya michongoma. Kijito hakijasahau, ijapokuwa sisi tulikula wali tukasahau.

Siombi bweni lisijengwe. Naomba lipandishwe juu, kwenye mteremko karibu na ghala la zamani. Najua gharama itaongezeka. Msingi wa mahali pa mteremko una ngazi nyingi, na bomba litahitaji kuvutwa. Nimefanya hesabu pamoja na fundi mmoja, na karatasi yake nimemkabidhi Katibu. Kwa upande wangu nitatoa mchango wangu mara mbili ya nilivyoandikisha mwaka jana, na mkaguzi wa hesabu amenisikia. Pale chini tuache uwanja, tuache michezo. Usiku, watoto wa watu 80 walale juu.

Na ninyi wadogo zetu, nimewaletea zawadi. Ni kipima-mvua, na daftari jipya ambalo ukurasa wake wa kwanza nimeupigia mistari. Namkabidhi Mwenyekiti wa Klabu ya Jiografia. Kila siku saa tatu asubuhi mmoja wenu asome na aandike, hata siku ya mtihani, hata siku ambayo mvua haikunyesha. Siku hiyo aandike sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Pia pigeni mti wenye alama katika kijito, mwandike kina chake. Mkifanya hivyo kwa miaka 10, shule hii itakijua kijito chake kuliko sisi tuliokihamisha bila kukiuliza.

Wazee walisema, ukiona mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Watu wa Lynmouth walikwisha nyolewa, kwa bei ya roho 34. Sisi tumepewa muda wa kutia maji. Kura ya ujenzi ni leo saa nane mchana. Naomba wanachama wasiondoke mapema kwa ajili ya mabasi.